Taruma namba 5 halipo: kutengeneza vipande vya meli ya mfano ukiwa Dar

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kijichi. Mama mdogo amerudi kutoka Uingereza na boksi la meli ya mfano ya mbao, Bluenose, kipimo 1:75, alilolipata kwenye mtumba wa huko. Nimefungua nikakuta taruma namba 5 (mojawapo ya zile mbavu za ndani zinazoupa ubavu wa meli umbo) halipo, namba 9 limekatika katikati, mbao za kufunikia ubavu nyingi zimetobolewa na wadudu, na kile kifuko cha makapi (vile vya kupitishia kamba za tanga) na vidude vya kamba kimebaki robo. Michoro ipo, ila ukurasa wenye maumbo ya mataruma umechanika na nusu yake imepotea. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa. Nina kisu, msasa, drili ya kawaida na muda wa jioni. Je, naweza kuvipata vipande hivyo Dar, au boksi hili limekufa? Na nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Boksi halijakufa. Vipande hivyo kwa rejareja hutavikuta Kariakoo, na ukiagiza nje nauli ya kifurushi itakuwa kubwa kuliko kilichomo ndani. Kampuni ingekuwa hai ningekwambia uiandikie kwanza na kuitajia namba za vipande, kwa sababu watengenezaji wengi wa seti hizi hutuma kilichopungua. Kwa kuwa imefungwa, vitengeneze mwenyewe. Kwenye vifaa ulivyotaja ongeza vitatu: msumeno wa sonara, ule wa fremu na uzi mwembamba wa chuma, kalipa ya kupimia, na bisi za kutobolea zisizozidi milimita moja. Masonara wa katikati ya jiji watakuelekeza wanakonunua nyuzi za msumeno, nawe nunua dazeni nzima maana zinakatika ovyo. Bisi ndogo ziulize kwa wauza vifaa vya mafundi redio na simu, wanazitumia kutobolea bodi za saketi.

Sasa taruma namba 5. Wengi wakipoteza kipande huanza kukitafuta sura yake. Watazunguka mtandaoni kutafuta picha ya michoro ya mtu mwingine, waikuze na kuipunguza kwenye simu, waichapishe, wakate, halafu washangae kwa nini ubavu umepata kibonyeo. Picha ile ilikuwa ya seti nyingine, yenye plaiwudi ya unene mwingine na mapengo mengine. Umbo la namba 5 unalo tayari hapo mezani, kwa sababu ubavu unaopita namba 4 na kwenda namba 6 lazima upite na 5. Nenda Bagamoyo au Nungwi ukawaangalie mafundi wa majahazi. Hawana karatasi. Wakishasimamisha mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na mbao za mwanzo, mataruma mengi huchongwa yakifuata ubao uliokwisha kupinda, wala si ubao kulazimishwa ufuate taruma. Wewe seti yako imejengwa kwa njia ya kizungu, mataruma kwanza na ubao baadaye, lakini kwa kipande hiki kimoja fanya kama wao: fuata ubao.

Inafanyika hivi. Panga mataruma yote uliyonayo kwenye mkuku bila gundi, namba 9 likiwa limeungwa (nitalifikia). Hakikisha kila moja limesimama wima na kwa pembe mraba na mkuku. Kipande cha kona cha kigae cha sakafu kinafaa kupimia hilo kama huna skwea ndogo. Kisha tafuta ufito wa msonobari ulionyooka nyuzi, wa milimita 2 kwa 4 hivi, urefu wa sentimita 30 au zaidi, usio na fundo hata moja. Ufito wa mwanzi wenye vifundo usiutumie, kwa sababu hupinda kwa vituo na utakupa mstari wa uongo. Ushike kwa pini juu ya namba 3, 4, 6 na 7. Utajipinda wenyewe. Pale unapovuka pengo la namba 5, pima kutoka katikati ya mkuku hadi upande wa ndani wa ufito. Ushushe, upime tena, na tena, hadi upate vipimo vitano au sita kutoka sitaha hadi chini. Rudia upande wa pili. Pande mbili zikipishana zaidi ya nusu milimita, kuna taruma lililolala. Lirekebishe kwanza kabla hujaamini namba zozote.

Hamishia vipimo hivyo kwenye karatasi ya kunakilishia michoro. Stationeri zilizo karibu na Chuo Kikuu Ardhi wanazo, wanafunzi wa usanifu ndio wateja wao. Chora mstari wa katikati, weka nukta, kisha zilaze karatasi ulizonakilia taruma namba 4 na namba 6 chini yake ili mkono wako uige mkunjo unapounganisha nukta. Ukishapata upande mmoja unaoupenda, kunja karatasi kwenye mstari wa katikati na ukate nusu zote mbili kwa pamoja. Hapo huna haja ya kuhangaika na ulinganifu. Mgongo wa juu, yaani ule upinde mdogo wa sitaha, uchukue moja kwa moja kutoka namba 4. Katika chombo kimoja upinde huo ni ule ule, mapana ndiyo yanayobadilika.

Nusu ya ukurasa uliobaki itumie kama shahidi. Unaweza kuitoa kopi, lakini usiiamini mashine ya kopi: ipime. Mstari wa milimita 100 kwenye mchoro uwe milimita 100 kwenye kopi, kwa urefu na kwa upana, maana mashine nyingine huvuta upande mmoja tu. Kipimo kingine cha kujihakikishia ni meli yenyewe. Bluenose halisi, skuna (chombo cha matanga) ya milingoti miwili iliyoshushwa majini Lunenburg, Nova Scotia, nchini Kanada, tarehe 26 Machi 1921, ilikuwa na urefu wa mita 43.6. Gawa kwa 75 upate sentimita 58. Mchoro wako wa ubavuni ukisoma 56 au 60 kutoka ncha ya omo (mbele) hadi ukingo wa tezi (nyuma), karatasi hiyo imepunguzwa au kukuzwa, na chochote utakachokipima juu yake kitakupoteza.

Plaiwudi: pima unene wa mataruma uliyonayo kwa kalipa, kisha nenda na kalipa hiyo hiyo dukani. Usiende na namba tu. Plaiwudi inayouzwa kama milimita 4 mara nyingi haifiki, na pengo la mkuku limekatwa kwa unene kamili, kwa hiyo taruma litacheza. Likiwa jembamba kidogo bandika ukanda wa karatasi ngumu upande mmoja pale linapoingia kwenye pengo. Jihadhari na marine bodi, ile ya kahawia ya kufungia zege. Gundi yake ni nyeusi na ngumu, inamaliza nyuzi za msumeno.

Utaniuliza kuhusu leza. Ndiyo, mafundi wa mabango na zawadi wenye mashine za leza watakukatia taruma kwa dakika chache ukiwapelekea mchoro safi, na marine bodi hata wao itawasumbua. Ukiwatumia, kumbuka mambo mawili. Mwale hula mbao kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita, kwa hiyo pengo litatoka pana kuliko ulivyolichora. Na ukingo hutoka na masizi. Yasugue, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya mkaa. Kwa kipande kimoja mimi ningekata kwa mkono.

Kata nje ya mstari, ukiacha milimita moja nzima. Ile milimita ndiyo utakayoipa msasa taruma likiwa ndani ya mkuku, ufito ukipita juu yake, hadi ufito uguse namba 3, 4, 5, 6 na 7 bila kuinuka wala kuacha mwanga. Hapa usiwe na haraka. Ukisugua kupita kiasi bandika ukanda mwembamba wa mbao na uanze upya, hakuna dhambi. Halafu sugua ukingo kwa mshazari: kwa mataruma ya upande wa omo, ukingo unaotazama mbele ndio unaoliwa, ya upande wa tezi, unaotazama nyuma. Ule unaotazama katikati ya meli uache, ndio wenye kipimo sahihi.

Namba 9 ni bahati yako kwamba limekatika tu. Huko nyuma ubavu huanza kubonyea kuelekea tezi, na ufito haupindi kwa uaminifu kama ulivyofanya katikati. Kulibuni upya lingekuwa kazi ya kurudia-rudia. Liunge tu: weka mfuko wa nailoni juu ya kioo au kigae, paka gundi nyeupe ya maseremala kwenye mpasuko, bana, liache usiku mzima likiwa limelala. Kesho yake bandika kipande cha kuimarisha nyuma ya mpasuko, kikomee milimita tano kabla ya ukingo wa nje ili kisizuie msasa. Supaglu usiitumie hapa. Inashika kabla hujanyoosha, na ikipata kishindo huachia.

Tuje kwenye mbao zilizotobolewa. Kabla ya kutengeneza mbadala, maliza wadudu, la sivyo watahamia kwenye kazi mpya. Funga mbao zote, hata zinazoonekana nzima, kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa vizuri, uziweke wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Muombe nafasi muuza samaki au muuza aiskrimu wa mtaani kwako, maana friza la juu la jokofu la nyumbani linalofunguliwa kila saa halifiki baridi hiyo. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka mbao zirudi kwenye joto la chumba, ama sivyo zitalowa kwa jasho la hewa yetu. Usipake mafuta ya taa wala dawa ya mchwa. Gundi na rangi havitashika tena.

Seti nyingi za aina hii hufunikwa mara mbili: tabaka la kwanza nene, milimita moja na nusu hivi, na la pili jembamba kama ganda. Yapime yote mawili kwenye zilizo nzima. Kwa tabaka la kwanza, mbadala mzuri kuliko yote unauzwa duka la dawa: vijiti vya kukandamizia ulimi, vile vya daktari. Vya kawaida vina urefu wa sentimita 15, upana wa milimita 18 na unene wa milimita 1.6, vya mti mweupe wenye nyuzi laini, na boksi moja linatosha meli mbili. Vipasue kwa kisu kikali na rula ya chuma kupata upana wa mbao zako, utupe ncha za mviringo. Chagua kimoja kimoja: kilichopinda au chenye nyuzi zinazokimbilia pembeni kiache. Ukitaka urefu kamili usio na viungo, nenda Keko kwa maseremala, tafuta mwenye msumeno wa mkanda, akupasulie msonobari wa Sao Hill wenye pete zilizobanana. Vipande vyembamba avikate kutoka kwenye ubao mpana, kianguke kile chembamba upande wa nje. Mashine ile ya meza yenye sahani kubwa isitumike kwa kazi hii. Inakula milimita tatu kila inapopita, na vidole vikikaribia haichagui.

Kuhusu viungo, usiviogope. Hakuna skuna iliyojengwa kwa mbao za mita 43. Ubao halisi wa mita 7 au 8 katika 1:75 ni sentimita 9 hadi 11, kwa hiyo vijiti vyako vya daktari vinaikaribia kweli zaidi kuliko zile mbao ndefu za kwenye boksi. Sharti ni moja kwa tabaka la kwanza: kila kiungo kiangukie katikati ya unene wa taruma. Na kwa macho ya anayejua vyombo: viungo viwili vikiwa kwenye taruma moja, mbao tatu zisizo na kiungo zipite kati yao. Wajenzi wa meli waliweka kanuni hiyo kwa ajili ya nguvu, na mfano usioifuata huonekana kama ukuta wa matofali.

Tabaka la pili ndipo watu wanapozunguka mji mzima kutafuta mbao yenye rangi ile ile ya walnati. Kwako hakuna haja. Bluenose ilikuwa chombo cha wavuvi, ingawa wengi wanaijua kwa mashindano ya mbio, na ubavu wake juu ya mstari wa maji ulipakwa rangi nyeusi. Chini ya maji nako rangi. Mahali kopo la rangi litafunika, mti wowote wenye nyuzi laini unatosha. Uliza mafundi wa milango na makabati wanaotumia veniya, yaani maganda membamba ya mbao halisi, wakupe mabaki. Ile mikanda ya kingo inayouzwa pamoja na emdiefu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) usiichukue hata ikiwa na picha nzuri ya mbao, ni plastiki. Veniya ikate kwa wembe mpya, nyuzi zikienda na urefu, na karatasi ya gundi ikiwa imebandikwa juu ili isichanike.

Sehemu zitakazobaki na rangi ya mti, kama kingo za milango ya sitaha na stendi ya kuisimamisha meli, hapo ndipo mninga unapostahili. Hausinyai sana, na kwa hewa ya Dar hiyo ni sifa kubwa. Kasoro yake ni matundu ya nyuzi: kwa 1:75 kitundu kisichoonekana kwenye kitanda huonekana kama shimo la ngumi. Paka sanding sila, ile ya kuziba matundu ya mbao, mara mbili, usugue katikati. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Mkongo ni mgumu kupinda, uache. Mtiki una mafuta. Ukiutumia, futa kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi.

Kupunguza unene bila mashine: tafuta vipande viwili vya chuma bapa vyenye unene unaoutaka, vibandike sambamba juu ya ubao ulionyooka, weka kipande chako katikati, kisha sugua kwa kibao cha msasa kipana kinachopanda juu ya vyuma vyote viwili. Kikifika unene ule, msasa utaanza kukwaruza chuma na mbao itaacha kuliwa. Badilisha upande kila baada ya dakika moja.

Kupinda omo: loweka kwenye maji ya moto robo saa, kisha pitisha ubao kwenye pasi ya nywele ya saluni, ile ya kunyooshea, huku ukiuvuta taratibu. Mbao hulainika ikikaribia nyuzi joto 100. Bana kwenye umbo na vibanio vya nguo, iache ikauke kabla ya gundi. Kwa Desemba siku moja na feni inatosha. Masika mpe siku mbili, kwa sababu ubao uliobandikwa ukiwa na maji utasinyaa kwa upana na kukuachia nyufa kuanzia omo hadi tezi. Ndiyo maana pia mbao mpya zote zikae wazi ndani ya chumba cha kazi wiki nzima kabla hujazikata. Chumba chenyewe kisiwe cha kiyoyozi kama meli itaishi sebuleni kwa feni.

Kifuko cha vidude. Fanya hesabu kwanza: kapi halisi la sentimita 25 katika 1:75 ni milimita 3 na kidogo. Huwezi kushika kitu cha milimita 3 ukakitoboa. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kikiwa bado kwenye kijiti. Andaa kijiti cha milimita 3 kwa 2.5, chora mgawanyo, toboa tundu la 0.6 au 0.7 kwenye kila kapi, kwaruza mfereji wa kamba kuanzia tundu hadi mwisho, zungusha kona kwa tupa ndogo, na kukata kuwe kwa mwisho kabisa. Kisha vitie vyote kwenye kopo lililowekwa msasa ndani ukutani, funga, tikisa huku ukisikiliza taarifa ya habari. Vitatoka na kona laini ambazo mkono hauwezi kuzipata.

Vile vya mviringo vyenye matundu matatu, vinavyokaza kamba za milingoti ubavuni, vitengeneze kwa mpingo. Wachongaji wa Mwenge wana mabaki madogo wasiyoyatumia. Chukua moyo mweusi, acha ule mti wa nje wa manjano. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na obo ulimwenguni, kwa sababu nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba unaweza kutoboa matundu matatu ndani ya milimita 4 na kuta zisipasuke. Jaribu hivyo kwa msonobari uone. Zungusha kijiti kwenye drili hadi kiwe mviringo wa kipenyo chako, kwaruza mfereji wa kuzunguka, ondoa kwenye drili, toboa matatu kwa kutumia kigezo cha bati, katilia mbali, rudia. Drili iende polepole. Mpingo ukipata moto hunuka na kuvunja bisi.

Vijiti vya kufungia kamba ubavuni na misumari ya mbao vinatoka kwenye vijiti vya mishikaki. Mwanzi ukipasuliwa kwa urefu na kuvutwa kwenye matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu kubwa hadi dogo, unakupa uzi mgumu ulionyooka. Bamba lenyewe ni kipande cha chuma kilichotobolewa kwa bisi zako: 1.5, 1.2, 1.0, 0.8.

Milingoti hukuitaja kati ya vilivyopotea, kwa hiyo nachukulia ipo. Ikipinda, usiinyooshe, tengeneza mingine kutoka mti wa mraba: gawa upana kwa sehemu 7, 10 na 7, randa kona hadi upate pande nane, halafu msasa. Usiizungushe kwenye drili, mti mrefu mwembamba hupiga mijeledi.

Vyuma ni vyepesi. Pete na kulabu tengeneza kwa waya wa shaba wa fundi umeme, lakini elewa kwamba waya unaoitwa “moja na nusu” hauna unene wa milimita 1.5, namba hiyo ni eneo la kata, na ukiupima ni milimita 1.38. Ule wa mbili na nusu ni 1.78. Zungushia waya kwenye msumari, kisha pasua kwa urefu wa msumari, utapata pete nyingi sawasawa kwa mpigo mmoja. Nanga ikiwa imepotea, watu watakwambia uyeyushe risasi za nyavu. Usikubali. Mvuke wa risasi ni sumu, na ndani ya kabati la kioo asidi inayotoka kwenye mbao huigeuza risasi kuwa unga mweupe baada ya miaka. Chonga nanga kwa mbao ngumu au ikate kwenye shaba bapa, upake nyeusi. Hakuna atakayejua.

Umeuliza uanze na kipi. Mbao ziende friza leo, kwa kuwa wiki mbili hizo hazina njia ya mkato. Wakati zinakaa huko, unga namba 9, kisha tengeneza namba 5. Makapi na vidude vya mpingo vifanye jioni ambazo gundi ya ubavu inakauka. Hata ukimaliza mwezi wa sita havikucheleweshi chochote. Kabla hujalibandika namba 5 kwa gundi, nitumie picha. Ipige kutoka mbele ya omo, simu ikiwa usawa wa mkuku, ufito ukiwa umefungwa kwenye mataruma matano. Picha ya kutoka juu hainionyeshi kitu.